Pembe ya Baruti

Julai, Kuresoi. Jalidi ilikuwa imelala juu ya pareto
kama chumvi iliyomwagwa na mtu asiyejua bei yake.
Baba mdogo Sigilai alinigusa wayo kwa ncha ya mdeki:
"Tabutany, amka. Leo wewe ndiwe mkoba wangu."

Nilikuwa na miaka kumi. Sweta la shule, juu yake koti la kaka,
na chini ya vyote, kwenye ngozi ya tumbo,
pembe ya baruti, kizibo chake kipande cha gunzi.
"Mimi nina gobori," akasema, "wewe una joto.
Baruti ni mgonjwa wa kifua, haitaki baridi."

Gobori lenyewe kitako kilikuwa kimepasuka,
kikafungwa kwa waya wa seng'enge wa Mzungu wa kondoo.
Mtutu ulinizidi urefu. Mtambo ulilia kama goti la bibi.
Risasi aliiyeyusha kutoka betri kuukuu la trekta,
kwenye kopo la Kimbo, nje, upepo ukipeleka moshi kwa jirani.
Risasi moja tu.
Ukikosa, alisema, mnyama ana muda wa kufika kwao,
kuwaaga watoto, na kurudi kukutazama ukishindilia.

Kijitoni jiwe lilikuwa limevaa kioo.
Niliteleza. Si sana, hadi kiunoni.
Yeye alikuwa mbele, ameinama, akisoma kwato kwenye matope.
Niliposimama kizibo kilikuwa kimetoka.
Nilikirudisha kwa meno.
Sikusema.
Nilihesabu hatua zangu badala ya kusema.

Ukingoni mwa mianzi alipiga goti.
Akakinga kiganja, akainamisha pembe,
akakitazama kiganja kwa muda, kama anayesoma barua.
Kisha baruti, tambara la shuka, risasi, tambara tena,
mdeki ukipanda, mdeki ukishuka, taratibu,
kama mtu atwangaye usiku asiwaamshe watoto.
Fataki aliitoa kwenye kiberiti,
kiberiti kwenye soksi, soksi kwapani.

Mbawala akatoka.
Dume, ubavu una madoa kana kwamba alinyeshewa chokaa,
pembe zimesokotwa, mvuke ukimtoka puani.
Alikuja kunusa viazi vya kina Chelule vilivyoungua kwa baridi.
Akainua mguu mmoja, akauacha hewani.

Tak.

Tak tu. Fataki ilicheka, mtutu ukanyamaza.
Mbawala aligeuza masikio kwanza, kichwa baadaye,
akatutazama mpaka sketi ikaanza kunigandia mapajani.
Akabweka mara moja, kama mwenye shamba,
akaingia mianzini bila haraka.

Baba mdogo hakushusha gobori. Alihesabu hadi sitini,
maana lililokataa laweza kukubali kwa kuchelewa.
"Jalidi," akasema. "Jalidi imeingia ndani."
Nyumbani alisema hivyo. Kwenye pombe, hivyo hivyo, kwa miaka.
Wanaume walimcheka, naye akacheka nao.
Usiku ule tulikula kabeji.

Uwindaji ulipopigwa marufuku
alilipeleka kwa chifu ndani ya gunia la viazi,
akapewa karatasi yenye muhuri.
Pembe hawakuiulizia.

Iko kwangu sasa, Nakuru, juu ya friji. Natilia chumvi.
Juzi, Julai tena, ukungu umeshuka kutoka Menengai
hadi kwenye kamba za nguo,
nilikinga kiganja nikainamisha pembe.
Chumvi haikumiminika. Ilianguka mabonge, mabonge mawili,
kisha la tatu.

Baruti kavu hutiririka kama mtama.

Alijua.
Pale, goti likiwa topeni, kabla ya tambara, kabla ya risasi,
na mimi nyuma yake nikidondoka maji kama paa la nyasi,
alijua,
akashindilia.

Nilibaki nimekikinga kiganja.
Sufuria ikachemka, ikafurika, ikazima jiko.